GESI YA ZIWA KIVU: HAZINA MOJA, WENYEWE WAWILI

0. UTANGULIZI

Kila usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa Ziwa Kivu huwasha taa zao na kuwaita samaki wadogo waitwao sambaza. Samaki hao huishi katika maji ya juu, yasiyozidi mita sitini hivi kwenda chini. Chini zaidi ya hapo hakuna samaki, kwa sababu hakuna oksijeni. Lakini maji hayo ya chini si matupu. Yamebeba gesi iliyoyeyuka ndani yake: methani kiasi cha kilomita za ujazo 60, na hewa ya ukaa kiasi cha kilomita za ujazo 300, zikipimwa kama zingekuwa juu ya nchi katika hewa ya kawaida.

Methani ni ile gesi inayosafirishwa kwa mabomba kutoka Siberia, na kwa meli kutoka Ghuba ya Uajemi hadi Japani. Kwa ajili yake mataifa makubwa yamefanya mapatano, yamegombana na kutishana. Ile ya Kivu ni kidogo ikilinganishwa na hazina hizo, lakini kwa nchi mbili zinazopakana na ziwa, yaani Kongo na Rwanda, si kitu cha kudharauliwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi husema kwamba ingeweza kuzalisha umeme wa megawati mia kadhaa kwa muda wa nusu karne.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hazina hiyo ilivyo, jinsi inavyovunwa, na kwa nini siasa yake haifanani kabisa na siasa ya gesi ya nchi nyingine. Hoja kuu ni hii: gesi ya Kivu haigawiki kwa mstari wa mpaka. Anayeivuta huivuta kutoka chombo kimoja na jirani yake. Anayeivuta vibaya humhatarisha jirani pamoja na nafsi yake. Na anayekaa bila kuivuta hawi ameiweka akiba.

1. USALAMA WA NISHATI NI NINI?

Kwa ufupi, taifa lina usalama wa nishati iwapo linapata nishati ya kutosha, bila kukatikakatika, na kwa bei ambayo watu wake wanaimudu. Watu wengi hudhani kwamba njia ya kuufikia usalama huo ni kuwa na mali hiyo ardhini mwako. Historia ya miaka ya karibuni haiungi mkono dhana hiyo moja kwa moja.

Ulaya ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Kwa miongo mingi nchi za Ulaya zilinunua gesi ya Urusi iliyopita katika mabomba, mengi yake yakikatiza nchi ya Ukraine. Bomba ni kitu cha ajabu katika biashara: likishatandikwa halihamishwi, na hivyo muuzaji na mnunuzi hufungwa pamoja kama ng'ombe wawili katika nira moja. Januari 2006, na tena Januari 2009, Urusi na Ukraine ziligombana juu ya bei na madeni. Katika ugomvi wa 2009 gesi iliyokuwa ikipitia Ukraine ilikatika kwa muda wa majuma mawili hivi, katikati ya baridi kali. Hata hivyo, mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulikuwa bado unapata karibu asilimia 45 ya gesi iliyoagizwa kutoka Urusi. Vita vilivyoanza Februari 2022 ndivyo vilivyovunja nira hiyo. Septemba 2022 mabomba ya Nord Stream yaliyopita chini ya Bahari ya Baltiki yalipasuliwa kwa milipuko, na tarehe 1 Januari 2025 upitishaji wa gesi ya Urusi katika Ukraine ulikoma, mkataba wake ulipokwisha muda.

Funzo la mfano huo ni kwamba usalama wa nishati ni uhusiano baina ya watu kabla ya kuwa mali. Bomba lilikuwa zima na gesi ilikuwapo. Kilichokatika kwanza kilikuwa imani.

Kwa familia ya Goma au ya Bukavu, hata hivyo, neno usalama wa nishati halianzii kwenye bomba. Huanzia kwenye jiko. Sehemu kubwa ya makaa yanayopikiwa mjini Goma hutoka katika misitu ya Virunga, na barabara inapofungwa na vita, gunia la makaa hupanda bei siku ile ile. Katika mji ulio ukingoni mwa ziwa lenye gesi, mama wa nyumba hupikia mti uliokatwa katika hifadhi ya taifa. Kinyume hicho ndicho kinachofanya suala la gesi ya Kivu lisiwe la wahandisi peke yao.

2. ZIWA LENYE MATABAKA

Ziwa Kivu liko mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kinakaribia mita 485. Upande wa kaskazini limepakana na milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Eneo la maji yake ni kilomita za mraba 2400 hivi, na zaidi ya nusu ya eneo hilo liko Kongo, pamoja na kisiwa kikubwa cha Idjwi.

Katika maziwa mengi, upepo na baridi huyakoroga maji, ya juu yakashuka na ya chini yakapanda. Katika Kivu jambo hilo hutendeka katika maji ya juu tu. Chemchemi za chini ya ziwa huleta maji yenye chumvi nyingi na hewa ya ukaa inayotokana na volkano. Maji hayo ni ya vuguvugu kuliko ya juu, na kwa kawaida maji ya vuguvugu hupanda. Lakini chumvi na hewa ya ukaa huyafanya kuwa mazito, nayo hubaki chini. Ndiyo maana ziwa limejipanga kwa matabaka, moja juu ya jingine. Katika kina cha mita 250 hadi 260 hivi kuna mpaka mkali baina ya maji mepesi na maji mazito. Mpaka huo ni kama kifuniko, na chini yake ndimo ilimo sehemu kubwa ya methani inayofaa kuvunwa.

Methani yenyewe hutengenezwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni. Baadhi yake huigeuza hewa ya ukaa. Vingine hula mabaki ya viumbe vilivyokufa na kuzama. Kazi hiyo ni ya polepole mno: kiasi kilichopo leo kimekusanyika kwa karne nyingi. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba gesi ya Kivu inajirudisha kama maji ya mto. Ikivunwa kwa haraka kuliko inavyotengenezwa, itapungua. Utafiti uliotangazwa mwaka 2005 ulisema kwamba methani ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 15 au zaidi tangu miaka ya 1970. Lakini vipimo vipya vya mwaka 2018, vilivyotangazwa 2020, havikuthibitisha ongezeko hilo. Tofauti hiyo si jambo dogo, maana mpango wa kuvuna hujengwa juu ya hesabu ya kile kinachoingia na kile kinachotoka.

3. HATARI NA NAMNA YA KUVUNA

Ili kuelewa hatari ya ziwa, yatosha kuitazama chupa ya bia. Ikiwa imefungwa, gesi yake haionekani, kwa kuwa shinikizo linaizuia ndani ya kinywaji. Kizibo kikitolewa, povu hupanda. Katika Kivu hakuna kizibo. Kinachoizuia gesi ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita kumi za kina huongeza shinikizo linalolingana na lile la hewa yote iliyo juu ya nchi. Maji ya kina kikubwa yakipandishwa juu kwa ghafula, shinikizo hupungua, gesi hutoka, mapovu huyavuta maji mengine nyuma yake, na jambo likishaanza hujiendesha lenyewe.

Afrika imekwisha kuona msiba wa namna hiyo. Huko Kamerun, Ziwa Monoun liliua watu 37 mwaka 1984. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa wingu la hewa ya ukaa lililotambaa mabondeni na kuua zaidi ya watu 1700 pamoja na mifugo yao, wengi wakiwa usingizini. Maziwa hayo ni madogo sana mbele ya Kivu, nayo Kivu imezungukwa na watu zaidi ya milioni mbili.

Lakini haifai kuwatia watu hofu bila kipimo. Maji ya Kivu bado hayajajaa gesi. Katika kina cha mita 320 hivi, ambapo ziwa liko karibu zaidi na kujaa kuliko mahali pengine, shinikizo la gesi ni takriban nusu ya lile la maji. Lava ya Nyiragongo ilipoupita mji wa Goma na kuingia ziwani Januari 2002, maji ya kina hayakuvurugika. Mei 2021 mlima huo ulipolipuka tena, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, kwa kuwa ilionekana kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikisogea chini ya mji na kuelekea ziwani. Mara hiyo pia ziwa lilitulia. Hata hivyo, utulivu wa mara mbili si ahadi ya mara ya tatu.

Kwa sababu hizo, kuvuna gesi kwa utaratibu kunaweza kuleta manufaa mawili: kupata nishati, na kupunguza hatari. Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Jukwaa linaloelea hushusha bomba hadi kina cha mita 350 hivi. Maji yakianza kupandishwa, mapovu yanayojitokeza ndani ya bomba huyafanya mepesi, nayo huendelea kupanda yenyewe bila kusukumwa. Karibu na juu, maji huingia katika chombo cha kutenganishia. Gesi hutoka, kisha huoshwa kwa maji ili hewa ya ukaa ipungue na methani ibaki kwa wingi. Methani hupelekwa ufukoni kwa bomba, ikaendeshe mashine za umeme.

Swali gumu linakuja baada ya hapo: maji yaliyokwisha kutolewa gesi yarudishwe wapi? Yakimwagwa juu, yatapeleka chumvi na virutubisho katika maji ya samaki, magugu madogo ya maji yatastawi kupita kiasi, oksijeni itapungua, na sambaza watakufa. Yakirudishwa kule kule yalikotoka, yataizimua hazina, kama mtu anayeongeza maji katika mchuzi anaoendelea kuunywa. Yakirudishwa katikati bila hesabu, yanaweza kukilegeza kile kifuniko cha mita 250. Wataalamu waliandaa kanuni juu ya kina cha kuvuta, kina cha kurudishia na namna ya kuyapima matabaka. Kanuni hizo hazina faida ikiwa zinafuatwa upande mmoja tu wa ziwa, kwa maana matabaka hayajui mpaka.

4. KUTOKA KIWANDA CHA BIA HADI UMEME

Gesi ya Kivu si ugunduzi wa leo. Mwaka 1935 mtaalamu wa Ubelgiji, Hubert Damas, aliyapima maji ya kina na kukuta yamejaa gesi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uchunguzi uliendelea, na mwaka 1963 mtambo mdogo ulianza kazi Rasi ya Rubona, karibu na Gisenyi. Gesi yake ilikwenda katika kiwanda cha bia kilichokuwa jirani, ikichemsha maji badala ya mafuta yaliyoagizwa kutoka mbali. Mtambo huo ulifanya kazi kwa miaka mingi, na kwa kufanya hivyo ulionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini haukukua. Kwa kizazi kizima, hazina iliyoweza kuwasha taa za majimbo ilipika bia.

Sababu za kukawia huko ni za fedha na za siasa pia. Mtambo wa namna hii hugharimu fedha nyingi kabla ya kuuza umeme wa kwanza, na wakopeshaji hawapendi kuweka fedha katika maji yenye wenyewe wawili wasioaminiana. Rwanda ilitangulia. Mwaka 2008 mtambo wa majaribio ulianza kutoa umeme kidogo. Kisha ukafuata mradi wa KivuWatt, wa kampuni ya kigeni ContourGlobal, ambao jukwaa lake liko kilomita kumi na zaidi kutoka ufuko wa Karongi, mahali palipojulikana zamani kama Kibuye. Ulianza kuzalisha mwishoni mwa 2015 na kuzinduliwa rasmi mwaka 2016, ukiwa na nguvu ya megawati 26. Baadaye mradi wa pili, mkubwa zaidi, ulijengwa upande wa Gisenyi kwa kusudi la kutoa megawati 56. Kwa nchi isiyo na mafuta yake, iliyokuwa ikinunua dizeli kutoka bandari za mbali na kuisafirisha kwa malori, kila megawati ya ziwani ni lori lisilohitajika tena barabarani.

5. HAZINA ISIYOGAWIKA

Nchi mbili zenye ziwa hazikusahau kupatana. Mwaka 1975, mjini Bukavu, Zaire na Rwanda zilitia sahihi mkataba wa kuvuna na kuuza gesi ya methani kwa pamoja. Mwaka uliofuata zikaunda, pamoja na Burundi, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, CEPGL. Kampuni ya ubia ya nchi mbili, Socigaz, ilibuniwa ili kuitimiza shabaha ya mkataba. Kwa maandishi, mambo yalikuwa sawa. Ila kampuni hiyo haikufikia kuchimba gesi, na vita vya miaka ya 1990 viliufanya ubia kuwa neno gumu kutamkwa.

Ili kuona uzito wa tatizo, yafaa kutazama hazina nyingine yenye wenyewe wawili. Chini ya Ghuba ya Uajemi kuna chimbo la gesi kubwa kuliko yote duniani. Qatar huliita Chimbo la Kaskazini. Iran huita sehemu yake Pars ya Kusini. Jina ni mbili, mwamba ni mmoja. Qatar ilianza mapema na kutajirika kwa kuuza gesi iliyogandamizwa kwa baridi ikawa kimiminika. Iran, ikibanwa na vita na vikwazo, ilianza kuchimba mwaka 2002. Kila mwaka wa kukawia ulikuwa mwaka wa jirani kunywa kutoka mtungi wa pamoja. Mwaka 2005 Qatar ilisimamisha miradi mipya katika chimbo hilo ili kulichunguza, na haikuiruhusu tena hadi 2017. Hata aliyetangulia aliona haja ya kusimama na kupima.

Kivu inafanana na Ghuba katika jambo hilo moja, kisha inatofautiana nayo katika jambo lililo zito zaidi. Katika Ghuba, mmoja akichimba ovyo, hasara ni ya fedha. Katika Kivu, mmoja akichimba ovyo, hasara inaweza kuwa ya roho za watu wa pande zote mbili. Katika Ulaya, muuzaji aliweza kufunga bomba na mnunuzi akatafuta gesi mahali pengine. Wenyeji wa Kivu hawana mahali pengine pa kuhamishia ziwa.

Je, ubia wa namna hii unawezekana katika eneo lenye majeraha mengi? Jibu moja liko ukingoni mwa ziwa hilo hilo. Mto Ruzizi, unaoyatoa maji ya Kivu na kuyapeleka Tanganyika, una kituo cha umeme cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 chini ya kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Vita vya 1996 na 1998 vilipita, serikali zikabadilika, uhusiano wa kibalozi ukakatika na kuungwa, na kituo hicho kikaendelea kugawa umeme kwa nchi tatu. Hakikudumu kwa sababu nchi hizo zilipendana. Kilidumu kwa sababu kila moja ilijua kwamba kukizima ni kuzima taa zake yenyewe. Manufaa yaliyofungamana yalifanya kazi ambayo hotuba hazikuiweza.

6. UPANDE WA KONGO

Kongo ina sehemu kubwa zaidi ya uso wa ziwa, lakini haikuwa imejenga hata mtambo mmoja wa umeme wa gesi wakati jirani yake alipokuwa na majukwaa yake majini. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitalu vitatu vya gesi ya Kivu, vinavyoitwa Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Vitalu vya mafuta ndivyo vilivyozua kelele duniani, kwa kuwa baadhi yake viligusa misitu na hifadhi, na mwaka 2024 mnada wake ulifutwa. Vitalu vya gesi vilipata washindi Januari 2023. Kampuni zilitajwa, lakini kutoka jina la kampuni hadi taa nyumbani ni safari ndefu.

Vita vikaikatiza safari hiyo. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka Goma, na Februari waliingia Bukavu. Hivyo miji miwili mikubwa ya ufuko wa Kongo ilitoka katika mamlaka ya serikali inayotoa vibali vya gesi. Hakuna mhandisi anayeweza kutandika bomba la miaka ishirini na mitano juu ya ufuko usiojulikana utatawaliwa na nani mwezi ujao. Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani mjini Washington, na usimamizi wa pamoja wa mali ya Ziwa Kivu ulitajwa humo kati ya mambo ya ushirikiano wa kiuchumi. Neno la 1975 limerudi, baada ya miaka 50.

Wapo wanaosema kwamba Kongo ina Inga, ina Ruzizi, ina jua, na kwamba haina haja ya kushughulika na gesi ya hatari. Hoja hiyo ina nguvu kwa taifa kwa jumla, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, Inga iko mbali sana na Kivu, na nyaya za kuuleta umeme wake mashariki hazipo. Pili, hatari ya ziwa haiondoki kwa kuachwa. Gesi isiyovunwa hubaki mahali pake, chini ya mlima wa moto. Kuna pia Ghuba ya Kabuno, upande wa kaskazini-magharibi, iliyo ndani ya Kongo kabisa. Maji yake yamejaa hewa ya ukaa kwa kina kidogo, na hayana methani ya kulipia gharama. Huko, kuitoa gesi ni kazi ya usalama wa watu tu, na mzigo wake ni wa dola.

7. MANENO YA WENYEJI

Jambo la mwisho lawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Kabla ya wataalamu kufika na vipimo vyao, watu wa Goma na Sake walikwisha kuipa jina hewa nzito inayotoka ardhini na kukusanyika mabondeni, ikiua mbuzi, mbwa, na wakati mwingine mtoto aliyelala chini. Waliiita mazuku. Katika kamusi kuna neno lililo karibu nalo, mzuka, lenye maana ya pepo au kitu kinachojitokeza ghafula. Wataalamu wa volkano walilichukua neno mazuku jinsi lilivyo, nao hulitumia katika maandishi yao ya Kifaransa na Kiingereza kwa maana ya mkusanyiko wa hewa ya ukaa mahali palipoinama. Ni mara chache Kiswahili cha Kongo kuipa sayansi ya dunia istilahi.

Ndani ya neno hilo mna elimu kamili. Mwenyeji ajuaye mazuku anajua kwamba hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwamba hukaa chini, kwamba hupungua upepo unapovuma, na kwamba mwali ukishushwa shimoni ukazimika, mtu asishuke. Hewa hiyo ni ile ile ya hewa ya ukaa iliyoyeyuka katika kina cha ziwa. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kueleza msiba wa Nyos kwa wavuvi wa Idjwi hana haja ya kuanza na fizikia. Aanze na mazuku, na wasikilizaji watamaliza sentensi pamoja naye.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Kongo, na mwaka 2017 Rwanda iliongeza Kiswahili katika lugha zake rasmi. Masokoni, baina ya Goma na Gisenyi, wachuuzi hupatana bei kwa lugha hiyo. Tahadhari ya ziwa ikiandikwa kwa Kifaransa huku na kwa Kiingereza kule, wale watakaokufa kwanza ndio watakaokuwa wa mwisho kuielewa.

8. HITIMISHO

Imeonekana kwamba gesi ya Kivu ni hazina moja yenye wenyewe wawili, na kwamba mali ya namna hiyo hailindwi kwa kuimiliki katika karatasi. Kongo haiwezi kuidai sehemu yake ikiwa haijui kiasi kilichovutwa, kutoka kina gani, na maji yake yalirudishwa wapi. Rwanda nayo haiwezi kuhesabu kwamba umeme wake uko salama ikiwa siku moja mtambo wa ng'ambo utafanya kazi bila kanuni. Kila mmoja anamhitaji mwenzake awe mwangalifu, naye hana njia ya kumlazimisha.

Kinachowezekana kabla ya mitambo mipya ni kipimo cha pamoja: vipimo vilevile, vinavyochukuliwa na watu wa pande zote mbili kwa vyombo vya namna moja, na kuandikwa katika daftari moja lililo wazi kwa wote. Goma ina kituo cha kuchungulia volkano, Lwiro ina kituo cha utafiti tangu zama za ukoloni, na vyuo vya Bukavu na Goma vina vijana waliozaliwa ukingoni mwa ziwa. Kazi ya kupima haihitaji fedha za kujenga mtambo. Yahitaji mashua, kamba ndefu, chombo sahihi, na ruhusa ya kuvuka mstari uliochorwa juu ya maji. Hiyo ruhusa ndiyo ambayo serikali mbili hazijapata kuitoa kwa moyo mmoja, na bila hiyo, mazungumzo juu ya megawati yatabaki kuwa mazungumzo juu ya kitu ambacho kila upande umekipima nusu.